Ulimi, Mkono wa Tatu

Jino langu la mbele lina mfereji. Ukilitazama kwa karibu utauona, mdogo, umekaa pale pale uzi ulipopita miaka yote ya kazi yangu. Daktari wa meno aliponiuliza nimekuwa nikitafuna nini, nilimjibu kwamba nimekuwa nikitafuna ndevu za wanawake wa Mombasa. Hakucheka. Aliniambia nikiendelea jino litavunjika, na kwa kuwa macho nayo yalikuwa yamekwisha kunitangulia kustaafu, nikaona yatosha. Uzi nimeuweka chini.

Ninyi wasichana mliobaki katika kazi hii, mnaofanya kwenye viti vya kuzunguka na vioo vyenye taa, mmeniomba niwaandikie nilivyokuwa nikifanya. Naandika, lakini msitarajie niwaambie nilichuma nini au nani alinisifu. Nitawaeleza uzi, ngozi na watu. Nywele za usoni ni jambo dogo ukiziona kwa mwenzako. Zikikuotea wewe, mwanamke, katika mji ambao kila harusi wanawake hujaa ukumbini kutazamana nyuso, utajua kwamba si jambo dogo hata kidogo.

Nilianza mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa nimerudi kwa mama yangu Kibokoni na talaka yangu, na mama hakuwa mtu wa kumwacha mtoto wake akae kitandani akilia. Alinishika mkono akanipeleka mtaa wa Kuze kwa Bi Kibibi, ambaye alikuwa akitengeneza mabibi harusi tangu mama mwenyewe alipokuwa mwali.

"Bi Kibibi, nimekuletea mwanangu," mama akasema. "Mikono yake ni myepesi. Kazi yake sasa ni kulia tu."

Bi Kibibi hakunitazama uso. Alinitazama vidole. "Kulia kutaisha," akasema. "Ndoo kwangu kesho asubuhi na mapema, mato yakiwa hayajachoka."

Siku ya kwanza sikugusa uso wa mtu. Nilipewa kigoda, kipande cha uzi na mguu wangu mwenyewe. Bi Kibibi aliniamuru ninyonyoe nywele za muundi wangu hadi nijue uchungu ninaokwenda kuwapa watu. Uzi ulinikatikia, ukanikwaruza, ukanichuna. Nikilalamika, ananiambia mguu haujawahi kumshitaki mtu. Kufikia mwisho wa wiki hiyo muundi wangu ulikuwa umejaa mikwaruzo, na nilikuwa nimesahau kulia, maana hasira zote zilikuwa zimehamia kwa Bi Kibibi.

Uzi wenyewe ni wa pamba, ule wa kushonea, mweupe ili uone ukichafuka. Wa plastiki unakata ngozi kama wembe, msiuguse. Unaufunga kitanzi, unausokota katikati, kisha vidole vya mkono mmoja vikifunguka vya mkono mwingine vinajifunga, na msokoto unatembea ukizing'oa nywele kutoka mashinani. Hivyo ndivyo mtu anavyojifanyia mwenyewe mbele ya kioo. Ukimfanyia mwenzako, ncha moja unaishika kwa meno, na ndiyo asili ya mfereji wangu. Bi Kibibi alikuwa na wake, mrefu zaidi, na alijivunia.

Kabla ya uzi, unanawa mikono kwa sabuni. Uso uwe mkavu, wenye poda kidogo. Penye chunusi au kidonda hapaguswi. Nywele iliyoota kwenye baka jeusi lililoinuka haing'olewi, inapunguzwa kwa mkasi basi. Sukari iliyopikwa kwa ndimu ni ya mikono na miguu, na hata huko unaijaribu kwanza kwenye kiwiko chako. Usoni ni uzi.

Na ngozi lazima ivutwe. Ikilegea, uzi unakula ngozi badala ya nywele. Sasa mikono yako yote miwili ina kazi, utaivuta kwa nini? Hapo ndipo Bi Kibibi alipokuwa akimgonga mtu kidole kidevuni na kumwambia, "Ulimi. Ulimi ndio mkono wa tatu." Kwa masharubu, unausukuma ulimi nyuma ya mdomo wa juu hadi mdomo uvimbe. Kwa kidevu, unaushusha mbele ya meno ya chini. Mtu anakuwa na sura ya nyani aliyeficha ndizi, lakini ngozi inakaza kama ngoma na uchungu unapungua nusu. Nimewaona wanawake wa heshima zao, wenye dhahabu hadi kiwikoni, wakikaa mbele yangu na sura ile, na sikucheka hata siku moja.

Nyusi Bi Kibibi hakugusa. Aliamini kwamba kutinda nyusi ni kubadili alivyoumba Mungu, na kwamba ndevu na masharubu kwa mwanamke ni jambo jingine. Nami nimestaafu bila kutinda unyusi wa mtu. Najua mnanicheka, na najua ni wateja wangapi mliowapata kwa sababu hiyo.

Kazi ikiisha, uzi unachomwa. Kipande kimoja kwa uso mmoja, kisha kinatiwa kwenye chetezo pamoja na nywele zilizoanguka, mwenyewe akitazama. Wanawake wa mjini hawakubali nywele zao zitupwe, kwani hawajui zitaokotwa na nani na kupelekwa kwa mganga gani. Na kwa kuwa nywele zikiungua zinanuka, unatia udi juu yake mara moja. Mimi hadi leo nikipita dirishani kwa watu nikasikia udi wenye harufu ya nywele chini yake, najua kilichofanyika ndani, na napita zangu.

Kupita zangu nako nilifunzwa. Bi Kibibi alisema kinachoonekana katika nyumba hii kisivuke kizingiti kwenda nyumba ile. "Ukikutana na mtu sokoni," aliniambia, "hujapata kumuona kidevu chake." Na alikuwa na sharti jingine, kwamba mteja hafunzwi. Mfanyie, mpunguzie uchungu, mfanyie mzaha akitaka, lakini uzi usimpe mkononi. Ukimpa, umemwaga unga wako mwenyewe.

Kila mteja mpya alimuuliza kwanza, "Wapaka nini usoni?" Nilidhani ni maneno ya kuzoeana. Siku moja akaja mwanamke kutoka Makupa, mfanyabiashara wa nguo, mcheshi, uso umeng'ara. Nilikuwa nimekwisha kuusokota uzi. Bi Kibibi akamuuliza, mwanamke akacheka akasema ni sabuni tu. Bi Kibibi akamgeuza kwenye mwanga wa mlango, akamwonyesha vishipa vyekundu mashavuni na ngozi iliyokuwa nyembamba kama ya kitunguu. Ilikuwa krimu ya kujichubua. Bi Kibibi akamwambia arudi akiwa ameiacha na ngozi imepona, kwani uzi ukipita pale utaondoka na ngozi. Mwanamke akakasirika, akaondoka na buibui lake akitutukana hadi nje. Alirudi baada ya muda mrefu, uso umerudi rangi yake, akawa mteja wetu kwa miaka.

Bi Kibibi alipoanza kutetemeka mikono, wateja wake wa nyumbani wakawa wangu. Mmoja wao alikuwa Bi Zena.

Bi Zena alikuwa mjane aliyekaa Kuze, akiwafunza wasichana Kurani sebuleni kwake, na hakuna mama mtaa ule aliyepandisha sauti mbele yake. Ndevu zilimwanza umri ulipomkatia damu ya mwezi, jambo linalowapata wengi. Nilikuwa nikiingia kwake kwa mlango wa uwani na kikapu cha hina, ili anayeniona ajue naenda kuuza hina. Mara ya kwanza, baada ya kuchoma uzi, alinishika mkono.

"Nani mwengine ajua?"

"Mimi na wewe, Bi Zena, na Mola wetu."

"Hao watosha," akasema, akanipa kahawa.

Haya, sasa nimefika kwa Raya, ambaye ndiye hasa aliyenifanya nikubali kuandika.

Raya alikuwa binti wa Tononoka, mwalimu wa watoto wadogo wa chekechea. Siku moja mtoto aliyempakata alimpapasa kidevu, akawatangazia wenzake kwa furaha, "Mwalimu ana ndevu kama baba!" Watoto wakacheka, wakaja kupapasa nao. Raya alirudi nyumbani, akachukua wembe wa babake uliokwisha kutumika, akajinyoa kavukavu bila maji wala sabuni. Mamake, Bi Shekha, aliponiita, kidevu kilikuwa kimejaa vipele vyenye usaha, na binti amejifunika kanga hadi machoni.

Watu husema wembe unazidisha nywele. Daktari alinieleza baadaye kwamba si kweli, unakata ncha tu zikawa butu. Kosa la Raya lilikuwa wembe mchafu kwenye ngozi kavu. Nilikataa kumgusa. Nilimwambia aoshe kwa maji na sabuni nyepesi, asitumbue, asipake kitu, na aende akatazamwe vile vipele. Kisha nikamuuliza zile nywele zilianza lini, na damu ya mwezi inakujaje. Akamtazama mamake. Nywele zilikuwa zimezidi mwaka ule, na damu ilikuwa ikipotea miezi na miezi.

"Bi Shekha," nikasema, "uzi wangu hutoa nywele, hauulizi kwa nini zimeota. Huyu mpeleke kwa daktari."

"Mwari asoolewa, nimpeleke kwa daktari wa mambo hayo? Watu watasema nini?"

"Watasema amekwenda kupimwa malaria. Mpeleke, ama mimi sirudi."

Nilikuwa sitanii, na aliliona hilo. Walikwenda. Daktari, mwanamke mpole, akasema ni homoni, akampa vidonge, akamweleza kwamba nywele zitapungua polepole sana na kwamba huku akingoja si vibaya kuziondoa kwa usafi. Vipele vilipopona ndipo nilipoanza kumfanyia. Tulizoeana. Alikuwa na maneno yule binti, na alikuwa hachoki kunisimulia watoto wake wa chekechea, ulimi ukiwa umejaa chini ya mdomo, nisielewe nusu yake.

Siku moja akaniambia amepata mchumba. Jina lake Abdalla, wamependana, na wazee wamekubaliana.

"Mtoto wa nani?" nikauliza, uzi ukiwa menoni.

"Wa Bi Zena, wa Kuze."

Nusura nimchune. Nikamwambia hongera, nikamalizia kidevu, nikachoma uzi, nikarudi Kibokoni kwa miguu nikiongea peke yangu.

Posa ilipita, siku ya nikaha ikapangwa. Kisha Bi Shekha akaniita akilia kwamba Raya amesema haolewi, na hataki kusema sababu. Nikamkuta chumbani, uso umevimba kwa machozi.

"Humtaki Abdalla?"

"Namtaka. Simtaki mamake." Akajifuta. "Nitaishi nyumba moja naye, Bi Maimuna. Kila akija hapano yuwanitazama kidevu. Uso wake mwenyewe laini, hauna hata unywele. Nikihamia kwake, wewe utaingiaje na uzi wako? Akikuuliza wamfanyia nani, utasema nini? Ndevu zitanitoka mbele yake, na atamwambia mwanawe ameoa mwanamume. Heri nisiolewe."

Mnaelewa nilivyokuwa? Neno moja tu lingemaliza kilio kile. Bi Zena alikuwa akimtazama kidevu kwa sababu mwenye jeraha hutazama pale pale kwa wenzake. Nilikuwa nimetoka uwani kwake wiki ile ile, na yeye naye alikuwa amenishika mkono akaniambia, "Maimuna, mkwe wangu ana uso kama wa mtoto. Akishahamia, usije tena kwangu. Nitakuja mimi kwako, niseme nafuata hina. Sitaki anione nilivyo." Huyu alimwogopa yule, na yule alimwogopa huyu, na mimi katikati nimebeba videvu vyote viwili.

Lakini neno lile halikuwa langu. Bi Zena alinipa uso wake akijua sitautoa nje ya kuta zile. Kama ningetoboa siri yake ili nimwokoe Raya, kesho ningetoboa ya Raya ili nimwokoe mwingine, na hiyo si kazi tena. Niliumia, nasema kweli. Usiku kucha niliumia. Asubuhi nikapiga moyo konde, nikaenda kwa Bi Kibibi. Sikumtajia mtu. Nilimwambia tu kwamba nataka kumfunza mteja.

"Wataka kumwaga unga," akasema.

"Nataka, Bi Kibibi."

Akaitazama mikono yake iliyokuwa ikitetemeka mapajani. "Basi mfunze vyema. Akijikata, watasema ni wewe."

Nilirudi Tononoka na kigoda, kioo na uzi. Nikamwambia Raya, "Huhitaji mtu akujie kwa siri. Utajifanyia mwenyewe, mlango umeufunga, na uso wako utabaki wako. Lakini hutaanza na uso. Toa mguu."

Alichunika kama nilivyochunika. Uzi ulikatika, vidole vikapata mistari myekundu, akautupa chini na kusema hawezi. Nikamwambia mguu haujawahi kumshitaki mtu, akacheka, akauokota. Kila nilipokwenda alikuwa amejizoeza tangu nilipoondoka. Watoto wake walimuuliza ana nini vidoleni, akawaambia anajifunza kushona. Alipokuwa na uhakika na muundi, tukaenda kwenye mdomo wa juu, unywele mmoja mmoja, mbele ya kioo, kwenye mwanga wa dirisha. Kidevu kilikuwa cha mwisho, maana ndipo nywele zilipokuwa nene.

"Ulimi," nikamkumbusha. "Ulimi ndio mkono wa tatu."

Siku aliyozitoa nywele za kidevu chote bila kujikwaruza, alikaa akijipapasa kwa muda mrefu. Kisha akafungua mlango, akamwita mamake, akamwambia, "Mama, waambie naolewa." Mimi niliyekuwa sijalia tangu siku za talaka yangu nilijifanya natafuta uzi sakafuni.

Harusi haikuniacha hivi hivi. Zilipobaki siku chache mwali aketishwe ukumbini, Raya alijitoa nywele za uso asubuhi, nami nikamwagiza mamake kwamba hapakwi kitu. Bi Shekha alisikia, lakini wiki ile mwali lazima asingwe, asuguliwe mwili kwa manukato, na nyumba ilikuwa imejaa harufu ya liwa. Mkono ulimwasha. Akamsugua mwili, akaona uso umebaki peke yake, akaona si vibaya, akausugua na uso kwa singo yenye ndimu, juu ya ngozi ambayo vinyweleo vyake vilikuwa bado wazi. Nilipofika, kidevu na mdomo vilikuwa vimekuwa vyekundu na vimevimba, na mama mtu ameshika kikopo cha poda.

"Nitamfunika na hii," akasema.

"Ukimtia poda hiyo, uso utatunga usaha, na hivyo ndivyo utakavyomuoza."

Nikamwosha kwa maji matupu. Nikaweka kitambaa safi kilicholoweshwa maji baridi, nikakibadilisha kila kilipopata joto. Nikakataza marashi, nikakataza ile sukari ya ndimu, nikakataza jua la dirishani, maana ndimu na jua kwenye ngozi huacha baka jeusi la miezi. Nikamwambia Bi Shekha kama uwekundu utapanda au usaha utatoka, ni hospitali, harusi au si harusi. Kisha nikaketi mlangoni kama askari. Ndugu wa Raya walinipita na vikopo vyao, mmoja mmoja, nikawarudisha. Nafikiri wapo ambao hadi leo hawajanisamehe. Uvimbe ulipungua, uso ukatulia, na alipopambwa palibaki wekundu mdogo ambao kila mtu alidhani ni haya ya mwali.

Ukumbini nilisimama karibu na ngoma, nikaona kila kitu. Raya amekaa juu, macho ameyainamisha, uso wazi mbele ya wanawake wote wa mji. Bi Zena akapanda kumvisha kidani. Ili kukifunga, akaweka vidole chini ya kidevu cha mkwewe, akakiinua. Vidole vikakaa pale kidogo zaidi ya ilivyohitajika. Bi Zena akasema mashallah, akambusu kipajini, akashuka. Nilipotazama vizuri nikaona yeye naye ameinamisha uso, kidevu amekificha ndani ya mtandio.

Baada ya harusi Bi Zena alikuwa akija Kibokoni kwangu kufuata hina, kama alivyosema. Alikuwa akimsifu mkwewe, kisha anashusha pumzi na kusema, "Lau angejua." Nami nasokota uzi. Kisha akaacha kuja. Ramadhani ikaingia, ikaelekea kwisha, na si Bi Zena wala salamu zake. Nikaanza kuogopa. Labda amesikia kwamba nilikuwa nikiingia Tononoka, akadhani nimebeba maneno. Labda siri ya Raya imetoka na amerudishwa kwao. Nilistahamili hadi usiku wa mkesha wa Idi, mwezi umekwisha kuandama na watu wamefuturu, nikachukua kikapu cha hina, nikaenda Kuze.

Nilipiga hodi mlango wa uwani. Kabla sijajibiwa nikasikia harufu ya nywele zilizoungua.

"Karibu!" Ilikuwa sauti ya Raya.

Nikaingia. Bi Zena amelala kwenye mkeka chini ya taa, kichwa juu ya mapaja ya mkwewe, kidevu cheupe kwa poda. Raya ameshika uzi kwa mikono miwili, kitanzi, kama nilivyomfunza mbele ya kioo, kwani ule wa meno hakuwahi kuuona, siku zote alikuwa amefumba macho. Nilisimama na kikapu changu kama mtu aliyeingia nyumba siyo.

"Maimuna, ndoo ukae," Bi Zena akasema bila kuinuka. "Twakutaja sasa hivi."

Akanieleza. Asubuhi moja nyumba haikuwa na mgeni, na akasikia udi chumbani kwa Raya. Akaunusa vizuri, akasikia kilichokuwa chini ya ule udi. Harufu ile aliijua. Akasukuma mlango, akamkuta mkwewe mbele ya kioo, uzi vidoleni, ulimi umejaa chini ya mdomo.

"Nikajua papo hapo ni nani aliyemfunza," akasema. "Nikakaa kitandani nikacheka hata nikalia. Yeye yuwalia, adhani namcheka yeye. Nikamvuta mkono, nikauweka hapano." Akajigusa kidevu.

Raya alinitazama. "Ulijua, Bi Maimuna? Siku ile nasema siolewi, ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nilivyokuwa nikikulilia," akasema Bi Zena, "ulijua ya huyu?"

"Nilijua."

Walitazamana, kisha wakanitazama. Nilingoja kulaumiwa. Bi Zena akanyoosha mkono akanishika wangu, kama alivyofanya siku ile ya kwanza. "Leo hatukuhitaji, mwanangu," akasema. "Lakini kahawa ipo. Kaa."

Nikakaa. Siku ile niliwapoteza wateja wawili kwa pamoja, na sikumbuki siku niliyotoka kazini na furaha kama ile. Raya akarudi kwenye kidevu, akakigonga kwa kidole.

"Ulimi, Mama. Ulimi ndio mkono wa tatu."

Bi Zena akaushusha ulimi. Upande wa kushoto ngozi ilikuwa imelegea kidogo, na vidole vyangu viliwasha. Nikavikalia, nikanywa kahawa.

Alipomaliza, Raya akakitia kipande cha uzi kwenye chetezo, pale pale kilipokuwa kimeungua chake mwenyewe. Moshi ukapanda, harufu ikajaa uwani. Akanyoosha mkono kwenye kikopo cha udi, na Bi Zena akamshika.

"Wacha," akasema. "Udi ni wa wageni. Humu hakuna mgeni."